Diski na pedi za breki kwa pikapu ya mizigo

Ndugu yangu, kwa kuwa pikapu yako hushusha ndizi kutoka Marangu hadi Moshi mjini na usukani hutetemeka kila ukanyagapo breki, nakusihi usibadilishe pedi peke yake. Mtetemo huo mara nyingi hutokana na diski ambayo unene wake haulingani tena, na pedi mpya hazitauondoa. Fundi apime diski kwa mikromita, yaani kifaa cha kupimia unene, kisha alinganishe na kipimo cha chini kabisa cha unene kilichoandikwa kwenye diski yenyewe.

Ukinunua, chagua diski zenye mianya ya hewa katikati na uso usiotobolewa. Zile zenye vitundu hupendeza dukani, lakini chini ya mzigo na joto la mteremko mrefu nyufa huanzia kwenye vitundu hivyo. Pedi ziwe zenye mchanganyiko wa metali, na uzibadilishe kwenye magurudumu yote mawili ya ekseli moja.

Pini ambazo kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) huteleza juu yake zisisahauliwe: nimeshika pedi ya ndani iliyolika hadi chuma, ilhali ya nje ilikuwa nene, kwa sababu ya pini moja iliyoshika kutu. Mwisho, futa mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya kabla ya kuzifunga.