Mafuta kwenye Ini: Tuandike Msimbo Upi?

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu za tiba katika kituo cha afya wilayani Ilemela, Mwanza. Daktari wetu amemwandikia mvuvi mmoja mwenye kisukari "mafuta kwenye ini" baada ya ultrasaundi, na kwenye historia akaongeza kuwa "anakunywa bia". Mwenzangu anataka fomu ya bima ijazwe K70.0, mimi naona ni K76.0. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa yaliyomo kwenye faili hilo, wewe. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, K70.0 ni mafuta kwenye ini yanayotokana na pombe, na K76.0 ni mafuta kwenye ini yasiyo na msimbo mwingine mahususi; daktari hajasema popote kwamba pombe ndiyo chanzo. Mtunza kumbukumbu haruhusiwi kuunganisha mambo mawili ambayo tabibu hakuyaunganisha, hata kama mwalo mzima unajua jinsi mgonjwa huyo anavyokunywa. Mrudishie daktari faili, umuulize kwa maandishi, bila kumtilia jibu mdomoni, iwapo chanzo kimejulikana. Naye ataje kiasi cha pombe kwa juma, maana "anakunywa" peke yake haimsaidii yeyote: wataalamu walioupa ugonjwa huu jina jipya mwaka 2023 waliweka mpaka wa gramu 140 za alkoholi kwa juma kwa mwanamke na 210 kwa mwanamume. Kisukari kiandikiwe msimbo wake, E11 ikiwa ni cha aina ya 2.

Kwenu kandokando ya ziwa kuna jambo linalohitaji uangalifu zaidi. Kichocho cha matumbo huacha makovu kuzunguka matawi ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, na makovu hayo huonekana meupe kwenye ultrasaundi, ilhali mafuta hulifanya ini lenyewe ling'ae kwa ujumla. Kwa hiyo ripoti inayosema tu kwamba "ini linang'aa" haitoshi kuandikia K76.0. Daktari akithibitisha kichocho hicho, msimbo ni B65.1, akiwa bado hajaamua, andikeni R93.2, ambao ni wa picha ya ini isiyo ya kawaida, hadi atakapofikia uamuzi.

Akiandika kwamba mafuta yasiyotokana na pombe yameambatana na uvimbe wa ini, tumieni K75.8. K75.81 mnayoikuta kwenye intaneti ni ya toleo la Marekani, msiijaze.