Kisu Gani Kwanza? Majibu kwa Wanaoanza Kukereza Vyuma

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wa huku kwetu kusini, na karibu zote zinauliza kuhusu visu vya mashine ya kukereza, ambayo wengi wetu tunaiita lethi.

Shikamoo fundi. Nimemaliza mafunzo ya ufundi na nimenunua lethi ndogo iliyokwisha kutumika. Muuzaji wa vifaa ananishauri nichukue seti ya visu tisa vyenye ncha za kabaidi, ule mchanganyiko mgumu kuliko chuma. Je, nianze navyo? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mashine. Fedha hiyo usiitoe bado. Nunua vipande viwili au vitatu vya hai spidi, yaani chuma kigumu cha visu unachokinoa mwenyewe, vya mraba wa milimita 8 au 10 kadiri kishikizo cha mashine yako kinavyoruhusu, na mashine ya kunolea yenye jiwe la kijivu. Kabaidi hustahimili joto kali kuliko hai spidi, ambayo huanza kulegea inapokaribia joto la nyuzi 600 za Selsiasi, lakini faida hiyo huonekana pale tu mashine inapokuwa na nguvu, mwendo na uzito wa kutosha. Katika lethi nyepesi inayotikisika, ncha ya kabaidi humeguka, na ikimeguka jiwe lako la kijivu haliwezi kuinoa. Hai spidi ikimeguka, unairudisha kwenye jiwe na baada ya dakika chache unaendelea na kazi.

Kwa chuma laini cha kawaida, punguza ubavu wa kisu chini ya makali kwa nyuzi 8 hadi 10 ili usisugue kazi (kipande unachokikereza), kisha uinamishe uso wa juu kwa nyuzi 12 hivi, ukishuka kutoka kwenye makali, ili maranda ya chuma yapate njia ya kuteremkia. Kwa shaba ya manjano (brasi), uso huo uache bapa kabisa, kwa sababu kisu chenye mwinamo hujivuta chenyewe ndani ya brasi na kuharibu kazi. Chovya kisu majini mara kwa mara unaponoa, kabla hakijawa cha moto kiasi cha kukushinda kukishika. Mwisho, iviringishe ncha kidogo sana kwa jiwe la mkono lililotiwa mafuta, kwa maana ncha kali kama sindano huacha mistari. Ukipitisha ukucha juu ya kazi na usikwaruze popote, kisu chako kiko sawa. Ninasisitiza kunoa kwa sababu anayejua kunoa huelewa kwa nini kisu kinakata, na siku atakapohamia kwenye kabaidi atajua anachokinunua.

Nikisawazisha uso wa mwisho wa nondo, katikati hubaki kichuchu kidogo ambacho hakitoki. Tatizo ni nini? (Msomaji, Nachingwea)

Ncha ya kisu chako haiko kimo kimoja na kitovu cha mashine, yaani mstari wa katikati ambao kazi huuzunguka. Zima mashine, bana rula nyembamba ya chuma kwa upole kati ya ncha ya kisu na ubavu wa nondo, kisha uitazame. Ikisimama wima, kimo ni sahihi. Sehemu yake ya juu ikikuelekea wewe, kisu kiko chini, nacho ukiinue kwa vipande vya bati. Ikiinama kuelekea upande wa pili, kiko juu mno.

Mashine iende kwa mwendo gani? Ninachonga shafti za propela za boti. (Msomaji, Lindi)

Kwa hai spidi na chuma laini, gawanya 9,550 kwa kipenyo cha kazi kwa milimita. Nondo ya milimita 25 itakupa mizunguko 382 kwa dakika, nawe utachagua gia iliyo karibu, ya chini yake. Shafti zako nyingi bila shaka ni za stenlesi (chuma kisichoshika kutu), kwa hiyo anza na nusu ya hesabu hiyo, tia mafuta ya kukatia, na usikiache kisu kikisugua bila kukata, kwa kuwa stenlesi ikisuguliwa hukomaa na kisu kinachofuata hakiingii.

Habari za kazi, fundi. Msimu wa korosho tunaletewa shafti zilizolika, tunazijaza kwa kuchomelea kisha tunazikereza. Hai spidi inaisha makali upesi, na kabaidi inavunjika kwenye mfereji wa kii (kile kipande kinachofunga gurudumu kwenye shafti). (Msomaji, Masasi)

Njema, dada yangu. Hapa ndipo ushauri niliompa kijana wa Mikindani unapobadilika. Chuma kilichojazwa kwa kuchomelea huwa na vidonda vigumu na mabaki ya ganda la elektrodi, na hai spidi haiviwezi. Tumia kabaidi ya aina inayovumilia kugongwa, ondoa ganda lote kwa nyundo na brashi ya waya, kisha mkato wa kwanza uingie chini ya ngozi hiyo ngumu badala ya kuilambalamba. Kuhusu mfereji, gongomea ndani yake kipande cha chuma laini kilichobana ili kisu kisidunde kila mzunguko, na shafti ikitokeza nje ya taya zinazoishika zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake, ishikilie kwa senta (ncha ya kuegemeza mwisho wa kazi) upande wa pili.

Mwanangu anajifunza kazi hii na anarudi na vidole vilivyokatwa na maranda. Nimnunulie glavu? (Mzazi, Newala)

Hapana, mama, nakuomba sana usimnunulie. Glavu ikinaswa na kazi inayozunguka huvuta mkono mzima kabla hajawahi kuzima mashine. Mnunulie miwani ya kinga, umpunguzie mikono ya shati hadi juu ya kiwiko, na fundi wake amtengenezee ndoano ya waya mnene ya kuvutia maranda, aitumie baada ya mashine kusimama.