Mstari wa dengue umetokea? Taja chanjo zako kwanza

Wadau, mimi nilichanja homa ya manjano kwa ajili ya safari ya Uganda, nilikuwa nafuata mzigo na kule bila kadi ya njano unasumbuliwa mpakani. Wiki tatu baadae nimerudi zangu Ngamiani naamka na homa, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma. Malaria hamna. Wakanipima dengue kwa kile kipimo cha haraka, mstari wa M (IgM, kingamwili za mwanzo, wale askari wa mwili) huo hapo. Nyumbani ikawa kama msiba, si unajua Tanga tunavyoikumbuka 2019.

Aliyenistua ni mzee wa maabara. "Mwanangu, homa ina siku ngapi?" Nikamwambia leo ya pili. Akaangalia tena, NS1 (sehemu ya kipimo inayotafuta protini ya kirusi chenyewe) haijasoma kitu. "Umechanjwa nini karibuni?"

Aisee, sikuwa nimemwambia mtu! Kumbe kirusi cha dengue kina ukoo wake, homa ya manjano yumo, Zika yumo, West Nile yumo, na wanafanana mpaka kingamwili uliyotengeneza kwa mmoja inamdaka na mwenzie, basi kipimo kinasoma dengue. Na chanjo ile ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo mwili unazitengeneza kweli kweli. Halafu M ya dengue yenyewe mara nyingi inaanza kuonekana siku ya nne, ya tano, yangu ilikuwa imewahi mno. G (IgG, kingamwili za muda mrefu) ndo usiseme, inakaa miaka, ukiwa nayo haina maana ndo homa ya leo. (Chikungunya dalili ni zile zile ila haimo kwenye ukoo huu.)

Kwa hiyo ukienda kupima sema homa ina siku ngapi, umechanjwa nini, umetoka wapi. Homa ikiwa changa ulizia NS1 au PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi) kama ipo, ukipimwa kingamwili tu omba urudie damu baada ya wiki mbili hivi walinganishe kama zimepanda, maana dengue ya kweli huzipandisha.

Ila mzee hakusema sina dengue, maana hata NS1 inaweza kukosa. Alisema jihesabu unayo: maji mengi, panadol, diclofenac na aspirin usiguse, tumbo likiuma sana au ukitapika hovyo au fizi zikitoa damu rudi mbio hata usiku wa manane.

Damu ya pili nilipeleka, kingamwili za dengue hazikuwa zimepanda. Mama mkwe bado anawaambia majirani niliponea chupuchupu na dengue, nimemwacha.