Mkataba unaisha baada ya miezi 2, nataka kupandisha kodi

Ndugu, mpangaji asiye na deni usimwache bila taarifa hadi wiki ya mwisho. Mwandikie sasa: kodi mpya, itaanza lini, na mwisho wa kujibu. Mdomo hautoshi.

Kabla ya kusaini, piteni pamoja chumba kwa chumba mkipiga picha. Fungua kabati la chini ya sinki. Mbao zikiwa zimevimba, huenda bomba linavuja kitambo.

Amana ya zamani itajwe kwa kiasi chake kwenye mkataba mpya, la sivyo mtagombana siku ya kuhama. Na ukiendelea kupokea kodi bila mkataba, sehemu nyingi sheria humhesabu kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Muda wa notisi na kiwango cha nyongeza hutofautiana, hivyo muone wakili kabla barua haijatoka.