Kabla ya kuwahofia wadukuzi, jueni ni nani anafungua faili za wagonjwa

Ndugu muuliza swali ameeleza kwamba hospitali yao inahama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, na kwamba uongozi unataka ushauri wa namna ya kuwazuia wadukuzi. Nimefanya kazi katika idara ya kumbukumbu za afya kwa miaka mingi, kwanza kwenye makabati ya mafaili na baadaye nikisimamia ruhusa za watumiaji wa mfumo, na kwa uzoefu huo ningeomba swali lianzie mahali pengine. Wadukuzi wapo na madhara yao ni makubwa, lakini siri nyingi nilizoshuhudia zikivuja zilitoka kwa watu waliokuwa na ruhusa halali ya kuingia kwenye mfumo.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Mtumishi wa hospitali analazwa wodini, na kabla ya jioni wenzake wa idara nyingine wameshajua majibu yake ya maabara. Mmoja amefungua faili kwa udadisi, mwingine kwa huruma, wa tatu kwa sababu ameombwa na jamaa. Wote wametumia nywila zao wenyewe. Mgonjwa akigundua, safari nyingine huenda kutibiwa kwingine, au hurudi palepale huku akimficha daktari dawa anazotumia, na daktari asiyezijua anaweza kumwandikia dawa isiyopatana nazo. Ndiyo maana siamini kwamba faragha ni kazi ya watu wa kompyuta peke yao: ni sehemu ya tiba.

Nchini Uholanzi, hospitali ya Haga iliyoko The Hague ilitozwa faini ya euro 460,000 mwaka 2019, ingawa mahakama ilikuja kuipunguza, baada ya makumi ya watumishi kuchungulia faili la mtu mashuhuri ambaye wengi wao hawakuwa wakimhudumia. Makosa ya hospitali mbele ya mamlaka ya ulinzi wa data yalikuwa mawili: haikuwa ikikagua mara kwa mara ni nani amefungua faili la nani, na mtu aliweza kuingia kwenye mfumo bila hatua ya pili ya kumthibitisha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, hospitali moja ya Barreiro nchini Ureno ilitozwa euro 400,000. Mfumo wake ulikuwa na akaunti 985 zenye ruhusa za daktari, ilhali madaktari waliokuwapo walikuwa 296. Takwimu hiyo ndiyo ninayowasomea viongozi kila ninapopata nafasi, kwa sababu akaunti zisizo na mwenyewe hazijitokezi kwa hila ya mtu yeyote. Mtu huhamishwa, hustaafu, humaliza mafunzo kwa vitendo, na hakuna aliyepewa jukumu la kuifunga akaunti yake siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoshauri haihitaji kununua kitu. Chukueni orodha ya watumishi kutoka idara ya utumishi, iwekeni kando ya orodha ya akaunti, na kila akaunti isiyo na mtu ifungwe. Halafu ruhusa zifuate kazi: mpokeaji wa wagonjwa anahitaji jina, namba ya faili na miadi, wala hahitaji maelezo ya daktari, mhasibu anahitaji huduma zilizotolewa, si majibu ya vipimo.

Tatizo gumu zaidi ni la nywila za pamoja. Kompyuta ya wodini hufunguliwa asubuhi na muuguzi mmoja, na zamu nzima huandika kwa jina lake hadi usiku. Viongozi wengi hulijibu hili kwa waraka mkali, na waraka haubadilishi kitu, kwa sababu muuguzi mwenye mgonjwa anayetapika damu hawezi kusubiri mfumo unaochukua dakika nzima kufunguka. Rahisisheni kwanza njia ya kuingia, kwa mfano kwa kadi ya kugusisha, ndipo mkataze kuazimana nywila. Vivyo hivyo kwa dharura: daktari asizuiwe kufungua faili ambalo kwa kawaida halimhusu, bali mfumo umtake aandike sababu, na mtu mwingine aikague sababu hiyo siku inayofuata. Ukaguzi huo usipofanyika, sharti la kuandika sababu linabaki pambo tu.

Kuhusu wadukuzi nitasema machache. Shambulio la Mei 2017 la WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili ya kompyuta na kudai fedha ili yafunguliwe, lililovuruga hospitali nyingi nchini Uingereza, lilipitia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho yake mwezi Machi; basi sasisheni kompyuta kwa wakati, wekeni nakala rudufu zisizounganishwa na mtandao, na mjaribu kuzirejesha kabla ya siku ya msiba. Mjue pia kinachowindwa. Huko Ufini, kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 mhalifu akawadai fedha wagonjwa wenyewe mmoja mmoja. Kadi ya benki iliyoibwa hufutwa na kutolewa nyingine, ila aliyoyasema mgonjwa mbele ya mtaalamu wake hayafutiki.

Jambo la mwisho ni la kuweka kwenye mkataba wa kununua mfumo kabla hamjausaini. Mfumo uandike kila anayefungua faili, tarehe na saa, hata kama alisoma tu bila kubadilisha neno, na mgonjwa aweze kuipata orodha hiyo akiiomba. Nchini Estonia wagonjwa huiona wenyewe kwenye intaneti. Pale nilipofanya kazi, watumishi walipotangaziwa kwamba mgonjwa anaweza kuuliza ni nani aliyesoma habari zake, uchunguliaji ulipungua kuliko ulivyowahi kupungua kwa semina zote tulizowahi kuandaa. Mwulizeni muuzaji awaonyeshe orodha hiyo ikifanya kazi mbele yenu, kwa faili la majaribio, na mhakikishe kwamba fundi mwenye ruhusa za juu kabisa hawezi kufuta mstari hata mmoja ndani yake.