Msimbo uko wazi, mwizi naye si anausoma?

SWALI: Fundi, natunza hesabu za kikundi chetu cha kina mama wauza dagaa hapa Mwaloni. Kompyuta yetu imechoka. Mwanangu anataka aondoe Windows, aweke Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na LibreOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu. Anasema ni programu huria, hazilipiwi, na msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiendesha programu, uko wazi kila mtu ausome. Hapo ndipo nilipokwama. Kama kila mtu anausoma, mwizi je?
Mama Kulwa, Kirumba

JIBU: Shikamoo Mama Kulwa. Hilo ni swali la mtu anayejua kuwa fedha anazoshika si zake.

Mwizi anausoma, ndiyo. Lakini wanaomwinda nao wanausoma. Wewe ukinunua dagaa unazamisha mkono hadi chini ya gunia, uone kama kuna mchanga. Gunia lililoshonwa unabaki na neno la muuzaji tu. Ila gunia kuwa wazi si kwamba kuna aliyetia mkono. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iitwayo Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno duniani. Ilikuwa imekaa humo miaka miwili, mbele ya macho ya watu. Iliniuma, maana wateja wangu nilikuwa nawaambia macho ni mengi.

Halafu Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea zaidi ya miaka miwili kuitunza xz, programu ndogo ya kubana mafaili, hadi akaaminiwa. Ndipo akapenyeza mlango wa siri. Aliyemkamata ni mhandisi Andres Freund: aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, mama! Akafungua, akachimba, akaukuta. Gunia lingekuwa limeshonwa, angeishia kumlalamikia mwenye duka.

Mimi kinachonitisha ni hiyo Windows mliyonayo. Mwaka jana nililetewa kompyuta ya kikundi kama chenu, feni imejaa vumbi la dagaa. Windows yake ilikuwa ya kuibia, masasisho, yale marekebisho yanayoziba mianya, yamezimwa ili isigundulike. Nikachomeka flashi yangu ya majaribio: kirusi kikayaficha mafaili yake yote, yakabaki majina tupu. Mweka hazina alikaa kwenye benchi langu kimya, ameshika kitambaa mdomoni.

Kwa hiyo mruhusu kijana. Achague toleo la Ubuntu la LTS, linalopewa masasisho ya usalama bure kwa miaka 5, na asiyazime hata bando likiuma. Programu azipakue kwenye tovuti ya wenyewe, asipokee za kurushiwa WhatsApp. Na kabla hajafuta chochote, daftari la marejesho linakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani kwa mwenyekiti.