Nenda saa kumi na moja jioni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mzazi wako ana ugonjwa wa kusahau na nyumbani mmeshindwa kumlea. Nyumba ya wazee utaijuaje kama ni nzuri?" Nimelisoma swali nikiwa ndani ya basi natoka zamu ya usiku, nikaona nijibu, kwa kuwa nimekaa pande zote mbili. Miaka tisa nimehudumia wazee hapa Uingereza, kazi ambayo wabeba boksi wengi tumeipitia, na mwaka juzi ikanibidi nimtafutie kitanda mtu wangu mwenyewe, mama yangu mkubwa.

Nianze na aibu, maana ndiyo inayotuchelewesha. Sisi watu wa Unguja tukisikia nyumba ya wazee, tunafikiria Sebleni na Welezo, pahala pa mzee asiye na mtu. Mama mkubwa ana watu tele. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, binamu yetu wa Maskati aliandika maneno matatu tu, "Mnamtupa mama mkubwa?", na wiki mbili nzima hakuna aliyejibu. Wakati huo mama mkubwa alikwisha kutoka nje usiku mara tatu katika baridi ya Januari, miguu mitupu, akiitafuta bandari ya Malindi ya Unguja katikati ya Milton Keynes. Binti yake alikuwa akilala chini, mgongo umeegemea mlango, ili mama akitaka kutoka amwamshe kwanza. Wa Maskati hakuyaona hayo. Mimi niliyeyaona nilikosa ujasiri wa kumjibu.

Basi tukaanza kutafuta. Hapa England kuna chombo kinachokagua nyumba hizi, CQC, nacho huzipa moja ya daraja nne: bora kabisa, nzuri, inahitaji kuboreshwa, na haifai. Kila nyumba inalazimika kubandika daraja lake mahali pa wazi, na ripoti yenyewe unaisoma bure kwenye mtandao. Isome, lakini angalia tarehe kwanza. Ripoti ya miaka minne nyuma inamzungumzia meneja aliyekwisha kuondoka na wahudumu ambao pengine nusu yao wako kwingine. Halafu soma sababu. Nyumba moja imeshushwa kwa makaratasi ambayo hayakujazwa, nyingine kwa mzee aliyepungua kilo na hakuna aliyeuliza kwa nini, na daraja linaweza kuwa hilo hilo moja.

Nyumba ya kwanza tuliyokwenda ilikuwa "nzuri" kwa karatasi. Kwa macho ilikuwa zaidi ya nzuri: maua mabichi mapokezi, mashine ya kahawa, piano, saluni ya nywele, chumba cha sinema chenye viti vyekundu. Meneja alitutembeza saa nne asubuhi kwa miadi. Wazee walikuwa wamekaa wamechanwa nywele, wamefutwa midomo, na binti wa mama mkubwa akanibana mkono kwa furaha. Mimi nilikuwa kimya. Nakiri, mimi mwenyewe nimewahi kuandaa maonyesho hayo. Kazini tukiambiwa wageni wanakuja saa nne, tunaanza kuogesha watu saa kumi na moja alfajiri, wengine hata usingizi haujawaisha.

Nikamwomba meneja atupeleke juu. Katika nyumba nyingi nilizofanyia kazi, wenye ugonjwa wa kusahau huwekwa juu, nyuma ya mlango wa namba za siri, na mgeni huonyeshwa chini. Akasema juu wako kwenye shughuli. Sawa.

Siku ya pili nilirudi peke yangu saa kumi na moja jioni bila kupiga simu, nikasema nimesahau glovu. Saa hiyo ndiyo ninayomshauri kila mtu aende. Jua likizama, wengi wenye ugonjwa huu huchafukwa: anataka kwenda kwao, anawaulizia watoto waliokwisha kuwa babu, analia, anapiga mlango. Na saa hiyo hiyo wahudumu wamechoka, chakula cha jioni kinatoka, zamu ya mchana inatupia jicho saa. Kama nyumba ina ufa, utauona hapo.

Juu niliwakuta wazee kumi na wanne na mhudumu mmoja. Mzee mmoja alikuwa na kikombe cha chai mbele yake, chai imepoa hadi maziwa yameganda utando juu, na kikombe kiko upande wa mkono wake uliopooza. Aliyekiweka hapo hakukusudia ubaya, aliweka akapita. Lakini mzee yule hakunywa, na jioni kwenye daftari itaandikwa amepewa chai. Kengele ya chumba kimoja ikawa inalia. Nilitazama saa. Dakika kumi na moja.

Tangu siku hiyo nilikuwa sitazami kuta tena. Naitazama miwani. Mzee mwenye miwani yenye ukungu wa siku tatu anaishi ndani ya ukungu, halafu wanaandika amechanganyikiwa. Kifaa cha kusikia kina betri? Meno ya bandia yako mdomoni au kwenye glasi huko chumbani? Kucha je? Sapatu alizovaa ni zake? Haya hayahitaji elimu, na hayatengenezwi kwa dakika tano mgeni akiwa mapokezi. Harufu watu wanaitegemea kupita kiasi. Mkojo wa asubuhi hii utanuka popote penye wazee thelathini, na mahali panaponukia malashi tupu hunitia wasiwasi zaidi.

Maswali niliyokuwa nikimuuliza kila meneja yalikuwa machache. Usiku mnakuwa wangapi, na kwa wazee wangapi? Sheria ya England haitaji idadi, inasema wafanyakazi wawe wa kutosha tu, kwa hiyo lazima uulize wewe. Wangapi kati yao ni wa ejensi, yaani wanaoletwa na wakala kwa zamu tu? Mhudumu wa ejensi anaweza kuwa mtu mwema sana, nimekuwa mmoja wao, lakini usiku wa kwanza hajui kwamba bibi wa chumba cha sita akikunja ngumi anataka choo. Kuna nesi saa 24, au ni nyumba ya wahudumu peke yao? Hizo ni aina mbili tofauti, bei zake tofauti, na ndugu wengi hawajui mpaka mzee anapougua.

Na la mwisho, ambalo mameneja hawalipendi: mzee akipiga kelele mnafanya nini kwanza?

Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia wizara ya afya ripoti kuhusu dawa za wagonjwa wa akili zinazotumiwa kutuliza wenye ugonjwa wa kusahau. Alikadiria watu 180,000 hapa Uingereza wanapewa kwa mwaka, na kwamba zinaleta vifo vya ziada kama 1,800. Tangu hapo wamepunguza, ila jaribu halijaisha, kwa sababu mzee aliyelala hasumbui zamu. Mama mkubwa mwezi wa pili tangu aingie alianza kupiga mayowe usiku, na tayari risperidone, moja ya dawa hizo, ilikuwa imetajwa. Nesi wa zamu, mama mmoja wa Kizimbabwe, akasema ngoja kwanza. Akampima mkojo, akaangalia mdomo, akafungua daftari la choo. Siku sita hajaenda. Alipopewa dawa ya kulainisha, mayowe yakaisha usiku wa pili. Kwa hiyo jibu la swali langu ni hilo: tunatafuta panapouma. Meneja akianza na jina la dawa, mimi huaga.

Nyumba tuliyoichagua haina piano. Zulia la ukumbini limechakaa, na kuna siku nyumba nzima inanuka kabichi. Daraja lake siku tunaenda lilikuwa "inahitaji kuboreshwa", na ndugu walinishambulia kwa hilo. Nilikuwa nimeisoma ripoti: kumbukumbu za mafunzo hazikukamilika, mkaguzi amelalamika, lakini mle mle ameandika kwamba wahudumu wanawajua wazee wao. Nikaenda saa kumi na moja jioni. Mhudumu alikuwa amepiga magoti sakafuni, macho yake sawa na macho ya bibi mmoja aliyetaka kwenda kwao, anamuuliza kwao kuna nini. Bibi akawa anamhadithia mbwa. Hakuna aliyemwambia mbwa alikufa zamani.

Meneja alituuliza kuhusu mikono. Alikuwa amesoma karatasi za hospitali zilizosema mama mkubwa "anahangaika, anachezea nguo ya meza kwa vidole mfululizo". Akataka kujua vidole vinafanya nini hasa. Binti yake akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi. Mama mkubwa anachagua mchele! Kidole cha shahada na gumba, anavuta chuya upande huu, kijiwe upande ule, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Sasa baada ya alasiri anapewa sinia na mchele, na mtu anakaa naye asije akautia mdomoni. Nusu saa anatulia kabisa. Jioni moja alimkemea yule mhudumu kwa kupitisha kijiwe, na kilikuwapo kweli.

Lugha nayo. Mama mkubwa alikuja nchi hii 1974 na alisema Kiingereza miaka karibu hamsini, akiwa kiwandani akishona makoti. Ugonjwa ulipokolea kikaondoka chote, kikabaki Kiswahili, na Kiswahili chenyewe cha Ng'ambo, pale mjini Unguja, cha utoto wake. Kwa wenye lugha ya pili hili hutokea sana, na kwa watu wetu walioko Ulaya ndilo la kuuliza mapema. Usidanganywe na neno "tunahudumia watu wa tamaduni zote". Kwenye nyumba moja, chakula cha halali kilikuwa mchuzi wa Kihindi wa friza, kila siku, wa aina mbili. Hapa kwetu pia hakuna Mswahili hata mmoja, lakini walikubali tubandike kadi kabatini: maji, choo, njaa, basi, naumwa. Kijana mmoja alijitahidi zaidi ya wote, akawa kila asubuhi anamuinamia na kumuuliza, "Mama, unauma?" Mama mkubwa akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Mie mbwa?"

Kwa upande wa fedha sitasema mengi. Pauni elfu moja kwa wiki na zaidi ni kawaida siku hizi. Kwa England, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 anajilipia mwenyewe, na chini ya 14,250 mali haihesabiwi, halmashauri inalipa ila pensheni yake inaingia humo na anabakishiwa ya matumizi madogo. Nyumba ya kuishi wakati mwingine inahesabiwa na wakati mwingine haihesabiwi, inategemea nani amebaki ndani, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuuza chochote. Na ile hati ya kumpa mtoto mamlaka ya kumwamulia mzazi, mzazi aitie saini akiwa bado anaelewa. Sisi tulichelewa, tukalipia mawakili.

Sikusema nyumba yetu haina kasoro. Meno ya bandia yamepotea mara mbili. Kanga zilitiwa kwenye mashine kwa maji ya moto zikachuja, doti ya zambarau ikatoka kijivu, na nilipandisha sauti mpaka meneja akaja. Tangu hapo tunafua wenyewe, nazichukua Jumapili. Binamu wa Maskati alikuja mwezi wa saba, akakaa siku tatu kando ya kitanda. Kwenye kundi hakuandika kitu, ila siku hizi huniuliza mimi mama mkubwa anahitaji nini.

Jumapili iliyopita nimehesabu kanga nikaona moja haipo. Nimeikuta chumba cha pili, kwa bibi wa Kiingereza wa miaka tisini na kitu, amejifunika mabegani na ameishika kwa mikono yote miwili. Kwa kipimo changu mwenyewe, nguo ya mtu kuvaliwa na mwingine, hapo nyumba imefeli. Nimemwachia.

Msomaji, Milton Keynes